Kamera ya Tundu Moja

Nilianza kutafuta kamera kwa sababu ya keki. Naoka keki za harusi na sherehe nyumbani kwangu Nguvumali, mjini Tanga, na kwa muda mrefu nilikuwa nazipiga picha kwa simu ambayo lenzi yake ilipata ufa siku ilipoangukia sinia. Keki nyeupe ilitoka na rangi ya bluu, ya waridi ikatoka na rangi ya nyama iliyolala. Mteja mmoja wa Maramba, aliyetaka keki ya kipaimara cha mwanawe, aliniuliza kwa adabu kama ile niliyomtumia picha ilikuwa imeanza kuharibika. Nikamjibu kwa adabu vilevile, kisha nikakaa jikoni nikanuna mchana kutwa.

Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia kila aliyeuliza. Sababu nyingine sikumwambia mtu, maana ningeonewa huruma, na mimi nikionewa huruma nakuwa mkali bure. Mama yangu alikuwa na tezi shingoni. Lilianza dogo, yeye akawa analifunika kwa mtandio na kusema ni unene, mpaka likafika mahali unene haufiki. Daktari alisema litolewe. Alisema operesheni yenyewe si ya kutisha, ila mshipa unaoendesha sauti unapita papo hapo chini ya tezi. Wengi sauti zao hurudi baada ya muda, wengine hubadilika, na wachache hawarudi kuwa walivyokuwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama atakatazwa pilipili. Mimi ndiye niliyetoka nje nikaenda kulia kwenye bomba la maji.

Asiyemjua mama angesema uzima kwanza, sauti baadaye. Lakini mama ni mwimbishaji. Kule kwetu Mwera, na Pangani yote, siku ya kumsinga bibi harusi, anaposuguliwa liwa na kufukizwa udi, wanaume wakafukuzwa na madirisha yakazibwa kwa kanga, mama ndiye anayeianzisha ngoma ya ndani. Yeye anatoa, wanawake wanapokea. Anaweza kumsema mama mkwe mzima mzima ndani ya ubeti mmoja, na mama mkwe mwenyewe akanyanyuka kumtunza. Sijui namna ya kuieleza sauti ile. Si nyororo. Inakwaruza kidogo mwanzoni, halafu inafunguka, na ikifunguka hata waliokuja kwa kutimiza wajibu wanavua viatu.

Na sauti hiyo haikuwa imerekodiwa popote kwa ridhaa yake. Si kwamba hapakuwa na simu. Miaka michache nyuma, mwanamke mmoja alirekodi ngoma ya ndani kwa kificho, video ikatoka, ikatembea kwenye simu za wanaume wa wilaya nzima. Mama alikuwemo, kichwa wazi, kanga kiunoni, anaimba yale yanayoimbwa pale tu. Wiki iliyofuata alikwenda kununua dagaa, na muuza dagaa, mtu anayemwamkia shikamoo kila siku, akamwimbia ubeti wake mwenyewe huku anampimia. Mama aliacha dagaa juu ya meza akarudi nyumbani. Tangu siku ile wanawake wa Mwera wana kapu mlangoni. Kila simu inaingia humo, hata ya mama wa bibi harusi. Akija mpiga picha lazima awe mwanamke, na kadi ya kamera inakabidhiwa kwa mama wa bibi harusi mkononi kabla pilau haijapakuliwa. Hata hivyo mama mwenyewe, akisimama kuimba, alikuwa anaashiria kamera ishushwe.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa kabla ya tarehe ya operesheni. Kwa hiyo nilikuwa na siku moja, na mtu mmoja wa kumshawishi, ambaye hajawahi kushawishika tangu nimjue.

Nikaanza kutazama wachambuzi wa kamera kwenye simu wakati keki zikiiva. Wote walikuwa wanatembea kwenye baridi, wamevaa makoti, wanakunywa kahawa, wanapiga picha majani yaliyopukutika. Hakuna hata mmoja aliyesema kamera itafanya nini ndani ya chumba kilichozibwa madirisha, udi unafuka, na mshikaji kamera mwenyewe hawezi kutulia kwa sababu ngoma imemwingia. Hata hivyo walinifundisha. Nilielewa kwamba sihitaji lile likamera kubwa la kuweka begani, ambalo likiingia chumbani kila mtu anakaa kama anapiga picha ya pasipoti. Nilitaka hizi ndogo za siku hizi, zisizo na kioo cha kuakisi ndani, za kubadilisha lenzi, zinazoingia kwenye mkoba pamoja na pochi na kanga. Iwe inatuliza picha mkono ukitikisika. Iwe inaona kwenye mwanga hafifu. Kioo chake cha nyuma kigeuke, nijipige mwenyewe nikipamba keki. Isikie sauti vizuri. Na isipate joto ikajizima, maana Tanga joto halijawahi kumwogopa mtu.

Aliyekuwa na kamera hizo ni fundi mmoja wa picha mjini, bwana wa makamo anayepiga harusi upande wa wanaume na kuuza vyombo vilivyotumika. Ni mtu mwema, lakini akianza kueleza hasikii tena. Alinitolea mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo kweli, imechubuka pembeni, nikaipenda papo hapo. Ya pili ilikuwa imenenepa kidogo na bei yake imenenepa zaidi. Akafungua kifuniko chake pembeni akanionyesha matundu mawili ya memori kadi, moja juu ya jingine. Akasema hii ndiyo kamera ya mtu mwenye akili. Kila unachopiga kinaandikwa mara mbili, kwenye kadi hii na kwenye ile. Akanihadithia jinsi kadi ilivyomfia siku ya ndoa ya watu wakubwa, na jinsi baba wa bwana harusi alivyomtazama. Harusi haina marudio, alisema, na ile ndogo ya tundu moja ni ya watalii na watoto wa chuo. Wachambuzi wangu wenye makoti nao walikuwa wamesema hivyo hivyo: tundu moja ni kasoro.

Nikaamini. Nikamwomba ile ya matundu mawili niende nayo nyumbani Mwera siku ya Ijumaa nikaijaribu, naye akakubali kwa sababu ananijua na anajua nyumba yangu.

Nilimkuta mama uani na shoga yake, yule anayegonga pembe ya ng'ombe kwa kijiti kwenye ngoma, wanakuna nazi. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za mjini, nikaiweka kamera juu ya kiti na kuanza kuisifu. Juu yake nilikuwa nimeipachika maikrofoni ndogo yenye manyoya, na shoga yake mama akauliza kama huyo paka naye anauzwa. Tukacheka. Kicheko kilinitia ujinga. Nilijua nia ya mama ni kukataa, nikaona nimshinde kwa ubora wa chombo. Nikafungua kile kifuniko kama fundi alivyokifungua, nikaeleza kwa fahari kwamba humu kila kitu kinaandikwa mara mbili, kwa hiyo hata kadi moja ikipotea, nyingine ninabaki nayo.

Mbuzi za nazi zikanyamaza zote mbili.

"Yaani ukinipa mie moja," mama akasema, "nyingine itakaa na nani?"

Mimi niliyezaliwa Mwera, niliyeweka simu yangu kapuni kwenye harusi zote za ukoo, nilikuwa nimekwenda kuwaonyesha wanawake wale kamera iliyoundwa ili hata kadi ikikabidhiwa, nakala ibaki. Nikasema naweza kuacha tundu la pili tupu. Shoga yake mama akauliza, wala si kwa ubaya, nani atakuwa anachungulia kila mara kama bado li tupu. Mama alirudi kwenye nazi yake, na mimi nikajua huo ndio mwisho wa mazungumzo. Nilirudi Tanga nimevimba, nikimlaumu yeye, fundi, wenye makoti, kila mtu.

Hasira yangu huwa haikai sana. Nilipokuwa naipangusa kamera ili niirudishe, nikayatazama matundu yale tena, na kwa mara ya kwanza nikayatazama kwa macho ya mama. Yeye hakuwa amekataa kamera. Alikuwa ameuliza swali, na swali lake lilikuwa na jibu dukani, limechubuka pembeni.

Fundi aliponiona naichukua ndogo alisikitika kama nimekataa mchumba mzuri. Akanitahadharisha tena kuhusu kadi kufa. Nikamwambia wateja wangu wanaogopa zaidi kadi isiyokufa. Hakuelewa, na sikumweleza, kwa kuwa mambo mengine si ya upande wa wanaume. Ila alinichagulia kadi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, na lenzi yenye kuona gizani, akasema angalau nisimwaibishe.

Safari ya pili sikuhubiri. Nilimpa mama kamera mkononi, nikamwonyesha kifuniko cha chini kinafunguliwa vipi. Akakifungua mwenyewe. Akaona tundu moja. Akapapasa kote kwa kidole, juu, chini, nyuma ya kioo, namna anavyopapasa nazi kabla ya kuinunua. Akaitoa kadi akaifumbata.

"Sasa nipige," akasema.

Nikabonyeza kitufe cha video. Kamera ikakataa, ikaandika kwa Kiingereza kwamba haina kadi. Nikamsomea. Akaniambia nibonyeze tena, nikabonyeza, ikakataa tena. Akauliza kama haiwezi kutuma kwenye simu. Nikasema inaweza, lakini simu yangu itakuwa kapuni pamoja na za wengine, na kamera hii bila simu haina pa kutuma. Akafikiri. Mkono wake mwingine ulikuwa shingoni, juu ya mtandio, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke kwa daktari nilimwona mama anaogopa. Ilinichoma, kwa sababu nilidhani ni mimi tu.

"Utapiga siku hiyo," akasema. "Kadi ikimaliza, mkononi kwangu. Si kwa mdogo wako, si kwa mtu."

Siku ya kumsinga mdogo wangu, kila kitu ambacho wenye makoti hawakukisema kilitokea. Moshi wa udi, jasho, mwanga wa taa moja, mtoto wa mtu amekanyaga waya wa feni. Kamera ilipata joto lakini haikuzima. Mwanzoni wanawake waliitazama, baadaye ikapotea mikononi mwangu, ndogo ilivyokuwa, wakanisahau. Nilipiga mikono ya mdogo wangu imejaa liwa. Nilipiga pembe zikigongwa. Kisha mama akasimama, akajifunga kanga kiunoni, na mkono haukuashiria kitu. Aliitazama kamera mara moja, kama anavyomtazama mgeni aliyechelewa, akaanza.

Niliiona sauti ikikwaruza, kisha ikifunguka. Nasema niliiona kwa sababu lile tezi lilikuwa linapanda na kushuka katikati ya kioo, na sikuliondoa. Nilijiambia nitanyamaza ili maikrofoni isinisikie, lakini ulipofika wakati wa kupokea nikapokea kama wote, kwa sauti kubwa, maana mtoto wa mwimbishaji hawezi kukaa kimya ngomani. Nilikuwa nafurahi na kulia kwa pamoja, na kamera kwa hisani yake iliendelea kutulia.

Kabla ya pilau mama alinyoosha kiganja. Nikafungua kifuniko nikampa kadi. Akaifunga kwenye pindo la kanga yake, anapofungia nauli, na kwenda kupakua chakula. Nilirudi Tanga na kamera tupu.

Siku zile za kusubiri niliiwekea kamera kadi nyingine nikapiga kila kitu. Keki zikatoka na rangi zake, na mteja wa Maramba akaagiza nyingine. Nilipiga mvuke wa maharage, paka wa jirani juu ya ukuta, viatu vya wanangu mlangoni, mdogo wangu alipokuja kutusalimu na mumewe wakiona haya. Ilikuwa kamera nzuri ya kila siku. Unaitoa mkobani, unapiga, unarudisha, hakuna anayejipanga. Lakini kila nikibonyeza nilikuwa nawaza ile kadi nyingine ndani ya pindo, na sabuni, na beseni la kufulia. Nikampigia mama kumwomba asifue ile kanga. Aliniambia yeye si mtoto, akakata simu.

Asubuhi ya operesheni, muuguzi alimwambia avue kila kitu, hereni, bangili, na abadilishe nguo. Alipokuwa anakunja kanga yake alisimama, akaanza kulifungua pindo kwa meno. Akanipa kadi. Ilikuwa imefungwa ndani ya kipande cha nailoni, kisha ndani ya kitambaa. Akaniambia kwamba akichelewa kutoka naweza kutazama, kisha akasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu huku amefumba macho. Sikuuliza kuchelewa alikokusudia ni kupi.

Nilikaa kwenye benchi na kamera kwenye mkoba na kadi mkononi. Mdogo wangu aliniomba tutazame. Nikamkatalia kwa ukali ambao hakustahili. Mimi ni mtu nisiyeweza kuacha kuchungulia keki ikiwa ovenini, lakini ile kadi sikuitia kwenye kamera. Niliona nikiitia, nitakuwa nimekubali kwamba kilichomo ndicho pekee kilichobaki.

Alitoka salama. Siku ile hakusema kitu, alilala. Kesho yake nilimkuta ameegemea mito, bandeji shingoni, ameshamkosoa mtu kwa macho kuhusu uji. Nikamwamkia. Marahaba yake ilitoka kama upepo unaopita chini ya mlango. Daktari alikuwa amesema tusitishike, wala tusifurahie haraka, asubiri. Nilitishika. Yeye akanivuta karibu kwa kidole.

"Umetazama?"

Nikamwambia hapana.

"Mjinga wee," akanong'ona. "Weka tuone."

Mdogo wangu akavuta pazia la kitanda. Nikatia kadi kwenye tundu lake, nikakigeuza kioo upande wa mama, nikapunguza sauti. Pembe zikaanza. Mwanamke yule mdogo ndani ya kioo akajifunga kanga, akatutazama, akaimba. Nilikuwa simwangalii yeye; nilikuwa namwangalia mama, nikijiandaa kumfuta machozi. Mama hakulia. Alikunja uso, akaniashiria nirudishe nyuma, akasikiliza tena.

"Nilikuwa nawahi," akanong'ona. "Tazama, hawajamaliza kupokea, mie nimeshaanza. Na wewe unapiga kelele."

Kikohozi kikamjia, kikapita. Kidole chake kilikuwa kimeanza kugonga chuma cha kitanda, na kilikuwa hakiwahi. Mwanamke wa kitanda cha pili, mgeni kabisa kwetu, mkulima wa huko milimani, akauliza nyuma ya pazia kama hiyo ngoma ni ya wapi. Mdogo wangu aliniangalia. Mimi tayari nilikuwa nimeweka kidole kwenye kitufe cha kuzima. Mama akavuta pazia kwa mkono wake mwenyewe, akakigeuza kioo upande wa yule mwanamke, na ilipofika mahali pa kupokea akajaribu. Ilitoka sauti nyembamba, imepasuka katikati, nusu yake hewa. Lakini ilikaa mahali pake, nasi tuliokuwa tunamjua tulilisikia lile kwaruzo la mwanzo.

Muuguzi akaja akatugombeza. Mama akanyoosha kiganja, nikampa kadi, nikamsaidia kuifunga tena kwenye nailoni na kitambaa na pindo. Nilidhani amesinzia.

"Humu ndani," akanong'ona, macho yamefumbwa, akilibonyeza pindo kwa kidole gumba, "nafasi imebaki?"

Nikasema imebaki nyingi.

"Basi isijazwe takataka," akasema. "Binti wa shoga yangu anaolewa baada ya Idi."